Kamera ya visiwani: chagua vifaa vinavyoenea kwenye ndoo ya lita 20

Ukisema unakwenda kupiga picha za ndege, kasa au popo visiwani, kila mtu atakuuliza lenzi yako ina milimita ngapi. Kabla ya hilo kuna maswali mawili mazito zaidi: utashukaje chomboni, na betri utazichaji wapi. Boti za kwenda Kisiwa cha Maziwe zinazoondokea Ushongo, kusini ya mto Pangani, hazina gati. Unapanda kwa kukanyaga maji na unashuka kwa kukanyaga maji, ya magotini bahari ikitulia, ya kiunoni ikichafuka, na mzigo uko kichwani. Kisiwani hakuna kivuli cha kuweka hata begi. Maziwe ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, ikiwa bado na mivinje yake na ufukwe wa kutagia kasa. Miaka michache baadaye bahari ilikwisha kuila miti yote, na leo ni fungu la mchanga ambalo maji ya bamvua hulifunika.

Kwa hiyo kigezo cha kuchagua vifaa ni kimoja. Chochote kisichotakiwa kulowa kienee kwenye ndoo moja ya lita 20 yenye mfuniko wa mpira, tena kienee kamera ikiwa imeshafungwa lenzi yake. Kisichoenea kibaki nyumbani.

Ndoo yenyewe

Ndoo za rangi ya ukutani zinazouzwa mitumba zinatosha. Tafuta nyeupe, maana nyeusi ikikaa juani inakuwa jiko. Kagua ule mpira mwembamba uliozunguka ndani ya mfuniko: ukiwa umekatika au umekakamaa, ndoo hiyo ni ya kuchotea maji tu. Ijaribu hivi: weka gazeti kavu ndani, gongea mfuniko mzunguko wote kwa kiganja, izamishe kwenye pipa kwa jiwe dakika tano, kisha fungua. Gazeti likitoka na doa la maji hata upande mmoja, tafuta nyingine.

Ndani ya ndoo ya kawaida kuna kama sentimita 28 za upana na 36 za kina. Weka chini kipande cha sponji la godoro cha sentimita tatu, na pembeni zungushia kanga mbili. Ndoo yenye kilo sita au saba za vifaa huelea vizuri ikianguka baharini, kwa sababu lita 20 za hewa na vifaa husukuma kilo 20 za maji. Begi la mgongoni la kamera, hata lile la bei mbaya lenye koti lake la mvua, halina uwezo huo. Mvua inalikuta kwa juu, lakini maji ya ngamani yanalikuta kwa chini, ambako koti halifiki.

Usitegemee mifuko ya plastiki ya dukani kama kinga ya ziada. Ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, na hata zamani ilikuwa ikichanika kwenye kona ya chaja. Ukiwa na pesa, nunua mfuko usiopitisha maji wa aina ya kukunja mdomo, wa lita 20 au 30, na uutumbukize ndani ya ndoo, si badala ya ndoo. Mfuko huo huzuia maji, ila hauzuii mtu kukalia lenzi.

Lenzi

Ndege wa Maziwe wengi ni buabua, wale weupe wenye mikia ya panda, pamoja na shakwe, sululu na vindege vidogo vya matopeni. Hukusanyika kwenye ulimi wa mchanga na huruka ukiwakaribia, mara nyingi ukiwa bado mbali. Kwa kamera yenye sensa ndogo (sensa ndicho kipande cha ndani kinachopokea picha), ambayo huzidisha urefu wa lenzi kwa 1.5 (Canon kwa 1.6), lenzi ya milimita 400 inakupa picha kama ya 600. Hapo ndipo mahali pa kusimama. Zaidi ya hapo, ukiwa juu ya chombo kinachoyumba, utamtafuta ndege kwenye kitundu cha kuchungulia mpaka aondoke.

Chukua mifano mitatu uipime kwa ndoo. Lenzi ya Canon ya EF 100-400 toleo la pili ina urefu wa milimita 193 ikiwa imefungwa. Ukiongeza sentimita nane za bodi ya kamera unapata kama 27, na inaingia kwa nafasi. Sigma 150-600 Contemporary ina milimita 260 na uzito wa kilo 1.93, pamoja na bodi inafika sentimita 34, yaani inaingia kwa kubana, na sponji la chini ulipunguze. Sony 200-600 ina milimita 318 na kilo 2.1. Hiyo haingii ikiwa imefungwa kwenye kamera, na hapo ndipo watu wanapoharibikiwa: wanaibeba ikiwa imetengwa na bodi, kisha wanaifunga kisiwani, kwenye upepo unaobeba mchanga na chumvi. Chembe moja ya mchanga kwenye mdomo wa kamera inatosha kukwaruza sensa siku utakapojaribu kuifuta.

Hata hivyo Sony hiyo ina sifa moja inayostahili kusemwa. Haitoi shingo unapovuta karibu. Kila kitu kinasogea ndani kwa ndani. Lenzi za zumu zinazorefuka, kama hizo mbili za kwanza, hufanya kazi ya pampu: ukivuta zinanyonya hewa, ukirudisha zinaitoa. Hewa ya baharini ina chumvi. Ukitumia lenzi ya aina hiyo, ivute mpaka mwisho mara moja ukiwa chomboni, uiache hapo, na ikitoka shingo ifutwe kabla ya kurudishwa. Ukiirudisha na rasharasha juu yake, chumvi itakauka ndani na utaanza kusikia mkwaruzo kwenye pete.

Kwa mwenye bajeti ndogo, lenzi ya Canon RF 100-400 ina gramu 635 tu. Tundu lake la kupitishia mwanga ni f/8, yaani dogo, upande wa mbali, jambo linaloudhi msituni, lakini juu ya mchanga mweupe wa Maziwe saa mbili asubuhi mwanga ni mwingi kuliko unavyouhitaji. Haina kinga ya maji, kwa hiyo ivalishe kofia ya kuogea ya mpira uliyoitoboa mbele.

Lenzi ya pili iwe ndogo na ya bei nafuu: milimita 50 ya f/1.8. Itakaa kwenye bodi ya pili. Ndiyo, chukua bodi mbili, hata kama ya pili ni ya zamani ya kuazima. Kamera ikigoma kisiwani hakuna fundi, na bodi mbili zinakuondolea kishawishi cha kubadilisha lenzi.

Ukinunua lenzi iliyotumika, omba tochi. Imulike kwa nyuma huku ukiitazama kwa mbele, tundu likiwa wazi kabisa. Nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui ni kuvu, na pwani yetu kuvu ni ugonjwa wa kawaida wa lenzi zilizokaa kabatini. Kisha zungusha pete zote mbili karibu na sikio. Ukisikia mchanga, hata kidogo, rudisha lenzi na ushukuru.

Mwanga na maji huenda pamoja

Ukanda wa Tanga, maji ya bamvua, yale ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hukupwa kabisa takribani saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa takribani saa kumi. Maana yake ni kwamba siku za bamvua, jua linapochomoza fungu limeanza tu kutokeza mgongo. Buabua wanagombania ukanda wa mchanga wa hatua chache, mwanga ni wa dhahabu, na wewe bado huna pa kushukia. Picha nzuri kuliko zote za siku hiyo zitapigwa ukiwa ndani ya boti. Ikifika saa nne, fungu liko wazi lote, unatembea utakavyo, lakini jua limeshapanda sana na mazigazi yameanza: joto linalopanda kutoka mchangani linatetemesha hewa, na ndege aliye mita 60 anatoka kama amechorwa kwenye maji. Hakuna lenzi inayotibu hilo, na lenzi ndefu hulizidisha. Sogea karibu au pumzika.

Ratiba hiyo ndiyo inayoamua vifaa. Kwa kuwa saa ya dhahabu utakuwa chomboni, stendi ya miguu mitatu haina kazi asubuhi. Hutikiswa na mashine na kuupitisha mtikiso wote kwenye kamera. Viwiko vyako pia visiegemee ukingo wa boti kwa sababu hiyohiyo. Kaa katikati, karibu na nahodha kuliko omo, yaani mbele ya chombo, kwa kuwa omo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi. Kaa upande wa demani, usiopigwa na upepo, kisha mwombe nahodha azime mashine mita 80 hivi kabla ya fungu na aache mkondo uwasogeze. Elewaneni hili ufukweni kabla ya kuondoka. Katikati ya safari, kwa kelele za mashine, hatakusikia.

Kasi ya shata, ule mlango wa kamera unaofunguka na kufunga, juu ya boti isiwe chini ya 1/2000 ya sekunde, na kwa buabua anayeruka iwe 1/3200. Sasa tazama kosa linalowapata karibu wote. Buabua ni mweupe, bahari nyuma yake ni buluu nzito. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe inaona giza la bahari, inaongeza mwanga, na ndege anatoka kama karatasi tupu: hakuna unyoya hata mmoja kwenye bawa. Sekunde mbili baadaye ndege huyohuyo anapita mbele ya mchanga unaong'aa, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na sasa ametoka kijivu. Ndege hakubadilika, wala jua halikubadilika. Zima vipimo vya kamera, weka mwenyewe: ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400, f/8, 1/3200, jua likiwa wazi na limeshapanda. Piga moja ya majaribio, itazame kwenye grafu ya mwanga. Mlima wa kulia ukaribie ukuta bila kuugusa. Ukishapata, usiguse tena mpaka wingu lipite. Alfajiri, jua likiwa chini, panda ISO hadi 1600 na ufungue tundu mpaka mwisho, kasi uiache palepale.

Miezi nayo ina neno lake. Kusi ya Juni hadi Agosti hukoroga bahari. Boti zinakwenda, ila ujue utalowa. Kipindi cha maleleji, kusi inapokwisha na kaskazi haijashika, ndicho bora kwa mtu mwenye kamera.

Chumvi

Chumvi ikikauka inakuwa chembe zenye makali. Kosa ni kuchukua kitambaa kikavu na kusugua kioo, umejitengenezea msasa. Utaratibu ni huu: puliza kwanza kwa pampu ya mpira, kisha gusagusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya kunywa na kukamuliwa, kisha kikavu. Kwa hiyo ndani ya ndoo kuwe na vitambaa sita, vitatu vya majimaji ndani ya kopo lao na vitatu vikavu, na nje ya ndoo chupa ya lita moja na nusu ya maji ambayo hakuna anayeruhusiwa kuinywa. Jioni pitia kila kitufe, kila mlango wa betri na mkanda wa shingoni. Mkanda husahaulika, na ndio unaobeba chumvi nyingi kuliko vyote.

Kwenye lenzi ndefu funga filta ya kioo kitupu. Bara wapigapicha hubishana kama filta hizo zina faida, lakini hapa ubishi haupo: ni rahisi kufuta na kutupa filta kuliko kioo cha mbele.

Adui mwingine ni chumba chenye kiyoyozi. Kamera iliyolala kwenye ubaridi ikitolewa alfajiri kwenye hewa ya Tanga hujifunika jasho, nje na ndani. Ifungie ndani ya ndoo usiku, uitoe ikiwa imefungwa vilevile, na uifungue baada ya kama saa moja, ilipokwisha kupata joto la nje. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vikusanye; kumi ndani ya ndoo vinasaidia. Mchele hausaidii kivile, na unga wake huingia kwenye matundu ya chaja.

Kamera ikizama: usiiwashe kuangalia kama imepona. Toa betri papo hapo, toa kadi, suuza kadi kwa maji baridi na uiache ikauke siku nzima kivulini. Bodi iliyokunywa maji ya bahari kwa kawaida haifufuki, lakini picha zilizo kwenye kadi mara nyingi husalimika.

Umeme

Betri za kamera za daraja la kati, kama LP-E6NH ya Canon, EN-EL15c ya Nikon au NP-FZ100 ya Sony, zina karibu wati-saa 16 kila moja. Pawabenki iliyoandikwa 20,000 mAh ina wati-saa 74, yaani ampia-saa 20 mara volti 3.7. Theluthi hivi hupotea njiani kuwa joto, zinabaki kama 50, ambazo ni kujaza betri tatu. Piga hesabu yako kwa hapo. Kamera za kizazi kipya zisizo na kioo cha kuakisi hula betri hata ukiwa unasubiri tu, kwa kuwa skrini inawaka. Kwa siku moja ya Maziwe beba betri tatu na uizime kamera kila unapoweka chini. Za zamani zenye kioo zinatosheka na mbili.

Ukivuka kwenda Pemba mambo ni rahisi zaidi: tangu 2010 kisiwa kinapata umeme kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Beba tu kiunganishi cha soketi nyingi, kwa sababu nyumba za wageni zina soketi moja nyuma ya kitanda. Kama mnasafiri kwa ndege ndogo, mizigo kwa kawaida hukomea kilo 15 kwenye mfuko laini. Hapo ndoo inabaki, mfuko wa kukunja mdomo unashika nafasi yake, na betri zinapanda nawe mkononi.

Kadi: faili ya RAW, yaani picha ghafi, ya megapikseli 24 ina kama megabaiti 30, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 inabeba picha 2,000 hivi. Kamera inayopiga 20 kwa sekunde inaimaliza kwa dakika moja na sekunde 40 za kubonyeza. Kadi mbili za 64 ni bora kuliko moja ya 128, na iliyojaa ikae mwilini mwako, mbali na kamera.

Wanyama wa usiku na jioni

Popo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine duniani, hufikia mita 1.6 kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Huko Kidike, kisiwani Pemba, popo hao hulala mchana wakining'inia mitini, na milimita 200 hadi 300 zinatosha. Shida ni anga jeupe nyuma yao: ongeza mwanga hatua moja na nusu, la sivyo utapata vivuli vyeusi. Jioni wakiondoka, ISO 3200 na kuendelea. Mtu akijitolea kupiga makofi ili waruke, mkatalie. Wakichoshwa mchana hulipa usiku.

Mayai ya kasa yaliyotagwa pahali ambapo maji yangeyafikia huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, na huanguliwa baada ya kama miezi miwili. Kwa watoto wa kasa weka nyumbani lenzi ndefu, lala tumbo chini na ile ya milimita 50. Flashi marufuku. Zima pia ile taa ndogo ya rangi ya machungwa ambayo kamera huiwasha yenyewe kutafuta fokasi gizani. Wengi hawajui kama ipo. Watoto wa kasa hufuata mwanga, na taa yako inawageuza kutoka baharini.

Usinunue kitu kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale wa vilindini. Hifadhi ya bahari yenye jina lake imeanzishwa Tanga mwaka 2009, lakini samaki mwenyewe anaishi kwenye kina ambacho kamera ya kujipachika kifuani haifiki. Hiyo ndogo ichukue kwa ajili ya matumbawe. Aina nyingi za GoPro zinastahimili mita 10 bila kasha. Droni iache, isipokuwa una kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha hifadhi unayoingia. Hata ukiwa navyo, kundi la buabua likiinuka kwa woga halirudi upesi.

Wiki moja kabla, panga ndoo yako na uvuke nayo hadi Toten, kisiwa kilicho ndani ya ghuba ya Tanga, kwa nusu siku. Shuka majini nayo kichwani. Piga yangeyange kwenye mikoko ukiwa juu ya boti, badilisha betri kwa mkono uliolowa, fungua na ufunge mfuniko mara kumi. Kifaa ambacho hukukigusa siku hiyo kitoe, na nafasi yake weka chupa ya pili ya maji baridi.